Droni ikishuka mbali kwa sababu ya upepo: namna ya kuitafuta bila kulaza mpunga wa watu



Somo la toleo hili ni juu ya droni ndogo, zile za helisi nne ambazo agronomu au kijana aliyefundishwa anazirusha kupiga picha za mashamba. Leo hatufundishi namna ya kuirusha. Tunafundisha namna ya kuitafuta wakati batri imeisha, upepo unavuma, imeshuka yenyewe mbali, na hakuna aliyeona imefika chini wapi.

Munajua kinachotokea mara nyingi. Mtu mmoja anapiga kelele, vijana wote wanakimbia, wanaingia katika mpunga uliokwisha kutoa masuke, watoto nao wanafuata. Saa mbili zinapita. Droni haijaonekana, mpunga umelala, na mwenye shamba anataka kujua nani atamlipa.

Droni moja kwa kawaida inatumikia koperative kadhaa, na ikipotea hainunuliwi ingine kesho. Halafu ndani yake iko kadi yenye picha. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukabeba nyumba na watu mjini Uvira. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka kuingia katika nyumba za kando, huku kwetu na ng'ambo Bujumbura. Kisha ya maji ya namna hiyo, picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha shamba gani limefunikwa, kanali gani imebomoka, tuta gani limekatika. Mkulima anaweza kuiweka mezani anapoomba mbegu, na komite inaweza kuitumia kugawa kazi ya kuzibua kanali. Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga picha za visiwa vyao kwa droni ili kutengeneza ramani. Kazi kama hiyo inafaa hata huku, lakini picha zikibaki ndani ya matete hazimsaidii mtu.

Upepo unakulaje batri

Tuanze hapa, maana asiyeelewa namna droni ilivyopotea hatajua pa kuitafuta.

Katika kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unapanda juu ya ziwa na kuingia katika tambarare. Asubuhi mapema kumetulia. Jua likipanda, upepo unaanza kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mchana vumbi ya barabara ya Kiliba na Sange inaruka. Usiku unageuka: hewa baridi inashuka kutoka milima na kwenda ziwani. Wavuvi wanajua hayo yote kuliko sisi, na mwenye kurusha droni afanye vizuri kuwauliza kabla.

Sasa, mfano wa hesabu. Droni yenu inaweza kwenda mita 10 kwa sekunde pasipo upepo. Upepo wa kusini unavuma mita 6 kwa sekunde. Munaituma kaskazini, mita 1200. Upepo unaisukuma mgongoni, kwa hiyo inaenda mita 16 kwa sekunde, inafika kwa sekunde 75. Kurudi, upepo unaipiga usoni, inabaki na mita 4 tu kwa sekunde. Mita zile zile 1200 zinataka sekunde 300, ni kusema dakika tano. Kwenda dakika moja na kidogo, kurudi dakika tano! Na batri ya droni ndogo haikai sana. Hata zile ambazo kiwanda kinasema dakika 28 hazifiki hapo katika upepo.

Kijana anatazama ekrani, anaona batri bado nusu, anasema tuko sawa. Kumbe nusu hiyo haitoshi tena.

Kitu kingine: droni ikianza kurudi nyumbani yenyewe, aina nyingi zinapanda kwanza mpaka kimo kilichopangwa, zisigonge miti. Lakini juu ndiko upepo ulivyo mkali zaidi. Kama hakuna miti wala nguzo njiani, kuishusha chini kidogo kunaweza kuiokoa. Batri ikiwa karibu kwisha kabisa (mara nyingi karibu 10 kwa mia, kufuatana na namna ilivyopangwa) droni haingoji amri ya mtu: inaanza kushuka pale pale ilipo. Kwa aina nyingi munaweza bado kuisukuma pembeni kwa telekomande ili isiingie majini, lakini haipandi tena.

Kama hamuna chombo cha kupima upepo, tazameni vitu. Majani yakitikisika bila kupumzika, upepo ni mita 4 au 5 kwa sekunde. Vumbi ikipanda na karatasi zikiruka, umefika 6 mpaka 8. Miti midogo ikiyumba yote, umepita 8, na droni ndogo nyingi zimetengenezwa kuvumilia 10 tu. Siku ya namna hiyo iacheni katika sanduku.

Dakika tano za kwanza: musizime kitu

Picha ikikatika kwenye ekrani, mkono wa kwanza wa watu wengi unaenda kuzima na kuwasha upya. Musifanye hivyo. Telekomande ibaki inawaka, simu ibaki pale pale katika programu. Mtu mwingine achukue simu yake apige picha ekrani ile, yote, maana juu yake kuna namba za mahali pa mwisho, kimo, mwendo na batri iliyobaki. Programu nyingi zinaandika pia daftari ya safari nzima, sekunde kwa sekunde, na munaweza kuifungua baadaye bila intaneti. Zina pia mahali pa kutafuta droni iliyopotea, panapoonyesha nukta ya mwisho kwenye ramani.

Kisha mwenye kurusha asimame alipo. Aonyeshe kwa mkono upande ambako aliiona mara ya mwisho, na mwenzake aweke kijiti chini na kingine mbele yake, vikiwa mstari mmoja na upande huo. Tunajua inaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini kisha ya nusu saa ya mabishano kila mtu atakuwa na upande wake, na vijiti havibishani.

Andikeni namba za mahali katika daftari la karatasi, na mtu wa pili azisome kwa sauti kulinganisha. Hapa kuna mitego miwili. Uvira iko kusini ya mstari wa ikweta, karibu digrii 3.4, kwa hiyo namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele: -3.4. Mukiisahau, ramani itawapeleka kaskazini kabisa, Haut-Uele, upande wa Dungu na Faradje. Mtego wa pili: kuna ramani zinazoandika digrii na dakika. Digrii 3 na dakika 24 ni sawa na 3.40, si 3.24. Anayekosea hapo anatafuta kilometa karibu 18 mbali na droni yake.

Kuhusu namba zilizo kisha ya nukta, kumbukeni hivi: ya tatu ni kama mita 110, ya nne ni kama mita 11, ya tano ni kama mita moja. Mtu akikupigia simu akakutajia mbili tu kisha ya nukta, amekutajia kijiji, hajakutajia shamba.

Nukta ya mwisho si lazima iwe mahali ilipo

Hapa ndipo watu wengi wanapochoka bure. Wanaenda mpaka nukta ya mwisho, hawaoni kitu, wanasema imeibwa.

Nukta ya mwisho ni mahali ambapo telekomande na droni zilisikilizana mara ya mwisho. Droni ikishuka nyuma ya mistari ya miti au nyuma ya tuta kubwa la barabara, mawasiliano yanakatika ikiwa bado juu. Kwa hiyo mukisoma kwenye daftari kwamba kimo cha mwisho kilikuwa mita 1 au 2, vizuri, iko pale pale, mita chache pembeni. Mukisoma mita 45, kazi bado.

Tuchukue mfano wa darasa. Droni iliruka saa nane mchana, mwezi wa saba, kutoka upande wa kusini wa mashamba ya mpunga, ikaenda kaskazini. Katika kurudi batri ikaisha, ikaanza kushuka. Mstari wa mwisho wa daftari unasema: kimo mita 45, inashuka mita 3 kila sekunde, inaelekea kusini kwa mita 4 kila sekunde. Mahali pa mwisho ni -3.25410.

Mita 45 gawanya kwa 3 ni sekunde 15. Hiyo ndiyo safari iliyobaki kabla ya kufika chini. Katika sekunde hizo 15 kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Iliendelea kuja kusini kama mwanzo: 15 mara 4 ni mita 60. Au ilishuka wima pale pale, maana droni nyingi zikikosa telekomande zinajishika mahali kwa GPS. Au batri ilikuwa imechoka mno kushindana na upepo, ukaisukuma kaskazini, tuseme mita 2 kila sekunde: mita 30.

Kwa hiyo droni iko juu ya mstari mmoja: kuanzia mita 60 kusini ya nukta mpaka mita 30 kaskazini yake. Mita 90. Ongezeni mita 10 kila mwisho kwa makosa ya GPS na ya hesabu, na upana wa mita 30. Mumepata kipande cha mita 110 kwa 30, ni kusema are 33, theluthi moja ya hektari. Kwa namba, kipande kinaanzia karibu -3.25473 upande wa kusini na kuishia -3.25374 upande wa kaskazini. Linganisheni na wale wanaotafuta kila mahali kati ya pa kurukia na pa mwisho: mita 1200 kwa upana wa 100 tu ni hektari 12. Hektari 12 za mpunga wa watu.

Kama batri ilikatika kabisa hewani, droni haishuki tena, inaanguka kama jiwe. Kutoka mita 60 inachukua sekunde nne au tano hivi. Hapo tafuteni karibu zaidi na nukta, makumi ya mita kufuata mwendo iliyokuwa nao na upande upepo unakokwenda.

Wale wa milimani juu ya mji, au wa Makobola na Swima ambako mlima unaanza karibu na maji, muangalie jambo hili: kimo kinachoonyeshwa kwenye ekrani kinapimwa tangu mahali droni iliporukia. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya bahari, na milima nyuma ya Uvira inapanda mara tatu ya hapo na zaidi. Mukirushia kando ya ziwa, mukaituma juu ya mteremko, ekrani inaweza kusema mita 100 na ardhi iko mita 20 chini ya droni. Basi hesabu ifanyeni na kimo cha kweli juu ya ardhi: hapo safari iliyobaki ni fupi sana, na droni iko karibu na nukta kuliko munavyofikiri.

Kabla mguu haujaingia shambani

Tunaomba sehemu hii isomwe kwa sauti katika mkutano wa koperative.

Watu wa huku walijua droni kwanza kama kitu cha askari. Umoja wa Mataifa ulianza kurusha zake, zisizo na silaha, kutoka Goma mwezi wa kumi na mbili 2013. Katika vita ya 2025 watu wa Kivu ya Kusini wamejua droni zingine, zile zinazopiga. Mama aliye shambani akisikia mlio ule, hajui ni agronomu anayehesabu mashamba yaliyofurika. Anajua kukimbia tu. Na vijana sita wanaozunguka porini na simu mkononi, wakitafuta mahali kwa namba, askari anaweza kuwaona kama wapelelezi. Mtu anaweza kufa hapo. Hakuna picha ya shamba inayolingana na hayo.

Kwa hiyo droni isiruke kabisa bila ruhusa iliyoandikwa, ya anga la kiraia na ya wakubwa wa usalama wa mahali, na nakala ya karatasi hiyo itembee na timu. Pasipo ruhusa, au wakati hali imechafuka, hakuna somo la kutafuta maana hakuna la kurusha. Kama ruhusa ipo na droni imepotea, wa kwanza kuambiwa ni shefu wa kijiji, na yeye awaambie wale anaopaswa kuwaambia. Mwende kwake watu wawili, mmoja akiwa mzee wa komite, na picha ya droni yenyewe. Museme: Shefu, tumekuja kukujulisha, chombo chetu cha kupiga picha mashamba kimeshuka upande ule, hakina hatari, tunaomba ruhusa ya kukitafuta na mtu wako mmoja atufuate. Shefu anayejua mapema anakuwa msaada. Anayesikia kutoka kwa wengine, munajua wenyewe.

Kisha mwenye shamba. Kama hayupo, mke wake, au mtoto mkubwa, au jirani anayelinda. Mpatane kabla ya kuingia, mpunga ukivunjika utalipwa namna gani: kwa franga au kwa mpunga wakati wa mavuno. Koperative zinazoandika mapatano haya katika daftari na kuweka sahihi zinamaliza palaba mapema.

Tangazo la sokoni, kanisani, msikitini au kwenye redio ya mtaa linafaa, kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru au Kivira, likieleza umbo la droni na kwamba asiyejua asiiguse. Zawadi iwe ndogo na ijulikane tangu mwanzo. Zawadi kubwa inafundisha watu kuificha kwanza ili bei ipande.

Kila anayetafuta aione picha ya droni yenu kabla ya kuondoka. Mkikuta chombo kingine, kikubwa zaidi, chenye rangi ingine, au kipande cha chuma msichokijua, musikiguse, musikipige picha kwa karibu, musipige simu pembeni yake. Mrudi kwa nyayo zenu zile zile na mumwambie shefu. Hiyo ni kwa kila kitu cha vita kinachobaki mashambani, hata kama ni kidogo kama embe. Na kama kipande chenu cha kutafuta kinaangukia mahali ambapo wakulima wenyewe hawaendi tena, waulizeni kwa nini hawaendi. Wakijibu kwamba wanaogopa, droni ibaki huko.

Kutembea

Telekomande iende na timu, ikiwa na batri ya kutosha, ikiwa imewashwa. Mukikaribia, zinaweza kusikilizana tena, na hapo nukta mpya itaonekana, mara nyingi sahihi kuliko ile ya kwanza. Programu nyingi zina kitufe cha kuifanya droni ilie na taa ziwake. Batri iliyoshuka na kidogo haidumu saa nyingi ikiwa chini, kwa hiyo mukishapata ruhusa musingoje kesho kama bado kuna mwanga na mahali ni salama. Taa zake zinaonekana vizuri jioni. Ila kando ya ziwa mtadanganyika: usiku mitumbwi ya ndagala inawasha taa, na mwanga mdogo kwa mbali unafanana na mwingine.

Katika mpunga tembeeni juu ya matuta, watu wawili kila tuta, mmoja anatazama kushoto na mwingine kulia. Musiingie katika kipande mpaka mumeona kitu. Kijiti kirefu chenye simu kwenye ncha, ikipiga video kutoka juu, kinafanya kazi ya miguu ishirini. Tafuteni pia alama: masuke yaliyovunjika mahali pamoja, duara ndogo ya mimea iliyolala, maji yaliyochafuka. Jua la asubuhi na la jioni, linapokuja kwa pembeni, linafanya plastiki ing'ae. Jua la saa sita halisaidii, linachosha tu.

Katika mihogo na mahindi watu wasimame mstari, mita tatu kati ya mmoja na mwingine, watembee pamoja kwa mwendo wa yule wa polepole, na mtu wa pembeni aache alama ya vijiti ili wakirudi wasipite mara mbili. Kila baada ya hatua kumi wote wasimame na kutazama juu. Droni nyingi zinazotafutwa chini ziko katika mwembe au katika mchikichi. Kwa mchikichi aitwe yule anayepanda kila siku kukata ngazi. Vijana wengine wabaki chini, na wasiitupie mawe.

Wachungaji wa ng'ombe na watoto wanaofukuza ndege katika mpunga waulizweni mapema, kwa upole. Wanakaa huko mchana kutwa. Swali zuri ni "mulisikia mlio ukiishia wapi?" kuliko "nani ameichukua?"

Maji na mpaka

Kama hesabu inaangukia ziwani, tazameni umbali kutoka pwani. Upande wetu wa magharibi chini ya ziwa kunashuka ghafla, na Tanganyika inafikia mita 1470 mahali pa kina kabisa. Droni iliyoanguka mbali na pwani isamehewe, mwenye mtumbwi asitumwe katika mawimbi kwa ajili yake. Karibu na mdomo wa Ruzizi maji si ya kina, lakini matete ni ya viboko na mamba. Hakuna anayeingia na miguu. Mtu wa mtumbwi anayejua mahali hapo anaweza kutazama kutoka nje, asubuhi, na aamue yeye mwenyewe.

Mto Ruzizi ni mpaka na Burundi. Upepo haujui hilo, lakini polisi wa pande mbili wanajua. Mstari wa hesabu ukivuka mto, mpeni shefu namba na barua ya koperative, na wakubwa wa mpaka wazungumze kati yao. Ndiyo maana tunashauri mistari ya picha ikae mbali na mto siku yoyote yenye upepo wa magharibi, na kwamba safari ianze daima kwa kwenda kinyume na upepo. Hapo kurudi ndiko kunakuwa rahisi, wakati batri imekwisha kuchoka.

Mukiisha kuipata

Kabla ya kuiinua, pigeni picha yake ilivyolala na muandike saa na mahali. Helisi zinaweza kuanza kuzunguka, kwa hiyo shika kutoka pembeni, zima, kisha toa batri.

Batri ndiyo yenye hatari. Ikiwa imevimba, imetobolewa, imepinda au imeingia maji, inaweza kuwaka hata kisha ya saa nyingi, na moshi wake ni sumu. Isiwekwe mfukoni, wala ndani ya nyumba, wala katika depo ya mbegu. Iwekeni nje katika chungu au sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na majani makavu na mbali na watoto. Musiijaribu kwenye chaja "kuona tu kama bado iko mzima".

Droni iliyolala majini ifunguliwe mahali pa kufungulika na ikaushwe kivulini siku kadhaa kabla ya kuwashwa na fundi. Kuna wanaoizika ndani ya mchele kama wanavyofanya na simu. Mchele hauna dawa hiyo, unaacha vumbi katika mota, na mchele ni wa kula.

Kadi ya picha itolewe mara moja. Kama imeingia tope, isafishwe kwa maji safi, ipanguswe, ikaushwe siku moja, kisha inakiliwe kwenye kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Kadi hazina mota wala batri, na mara nyingi picha ziko nzima hata droni ikiwa imekufa.

Katika daftari la koperative andikeni tarehe, saa ya kuruka, upepo ulivyokuwa, batri iliyokuwa imebaki wakati wa kuanza kurudi, namba za nukta ya mwisho na namba za mahali ilipopatikana kweli. Mukiwa na mistari mitatu au mine ya namna hiyo, mtajua upepo wa mahali penu unasukuma droni yenu mita ngapi, na hesabu ya mara ijayo itakuwa fupi kuliko yetu. Kisha bandikeni juu ya droni karatasi ya plastiki yenye jina la koperative, namba ya simu ya komite, na maneno haya kwa Kiswahili na Kifaransa: chombo cha kupiga picha mashamba, hakina silaha, ukikiona mwambie shefu.